Kioo Kilichofunika Chungu cha Unga

Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Ulimi wangu mimi, Dorika, ulikiponza kichwa cha mume wangu Naftali. Nalisema hili waziwazi, maana hapa Kinyangiri wapo wanaosema alirogwa. Waache upuuzi wao.

Enzi za Mwingereza, Naftali alipiga picha za mifupa kwa mashine ya eksirei katika hospitali ya misheni. Mashine ikianza kunguruma, yeye alisimama nyuma ya ukuta, akimwangalia mgonjwa kupitia kidirisha cha kioo kinene. Siku moja nilimpelekea ugali wa uwele na mlenda, nikaona kioo kile kina umanjano. Nikamtania kwamba watu watasema mke wa Naftali ni mchafu. Nilicheka. Yeye hakucheka, maana alipenda usafi kupita kiasi. Alikisugua kwa majivu wiki nzima, umanjano haukutoka.

Daktari aliyeijua mashine alipokwenda kwao likizo, Naftali alimwita kaka yangu Simoni, fundi seremala, akamwekea kioo cheupe, cha dirisha la kawaida. Kiling'aa, we acha tu. Daktari yule hakurudi tena, na aliyekuja badala yake hakujua habari za kioo. Kile cha zamani Naftali aliniletea nyumbani. Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia, nikakifanya mfuniko wa chungu cha unga. Panya walikoma.

Mwaka wa nne tangu kioo kibadilishwe, Naftali akaanza kuishiwa nguvu. Fizi zikatoka damu, homa ikagoma kuondoka. Akalazwa palepale alipokuwa akifanya kazi. Nilimwomba Mungu mpaka nikakosa maneno.

Ndipo akaja fundi wa mashine kutoka Dar es Salaam. Alikigonga kidirisha kwa kidole, akauliza kioo chenyewe kiko wapi. Akatueleza kwamba kile kilichanganywa na madini ya risasi, ndiyo maana kilikuwa kizito na cha manjano, na ndicho kilichozuia miale ya mashine, inayoharibu damu, isimfikie mtu. Hiki cheupe kilizuia vumbi tu.

Sikungoja amalize. Nilikimbia nyumbani, nikakitoa kwenye chungu, nikakifunga kwa kanga, nikakibeba kichwani mpaka shingo ikafa ganzi. Njia nzima nilijiambia kikirudi mahali pake tu, mume wangu, baba wa Elina wangu, atapona. Mjinga mimi.

Fundi alikipokea kwa mikono miwili, akasema kiko kizima, atakayefanya kazi pale sasa atakuwa salama.

"Na Baba Elina je?" nikamuuliza.

Akainama kufungua sanduku lake la vifaa.

Nikaenda wodini, nikamweleza Naftali yote, na kwamba neno langu ndilo lililoanza. Aliitazama kanga yangu iliyochafuka unga. Kisha akauliza, "Mama Elina, kioo cha watu umekirudisha na unga wake?"

Nikarudi kwa fundi, nikakifuta pande zote mbili kwa upindo wa kanga. Naftali alidumu siku nane.