Nililia Saa ya Maji

Kabla sijasema jinsi nilivyokaribia kuzuiwa kumzika mume wangu, inabidi niseme habari za kinu.

Tulikaa ghorofa ya pili katika jengo la ghorofa tatu, Makomeno. Wenzetu wengi Lubumbashi wakipata uwezo hujenga kwenye kiwanja chao, wakaweka ukuta na geti, na kelele zao zikabaki zao. Sisi hatukuwahi kujenga. Tulipanga vyumba vitatu, na juu ya dari yetu alikaa mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, muuza maharage kwa jumla. Alitoka alfajiri kupokea malori yake, na saa tatu alikuwa ameshafunga hesabu na kurudi. Hapo ndipo mateso yetu yalipoanza. Alipiga simu barazani kana kwamba anataka Butembo, mji wa kwao, imsikie bila mtambo. Alicheka kwa kifua kizima. Aliburuta viti, na sikuwahi kuelewa mtu anayeishi peke yake anaviburuta viti vyote hivyo kumpelekea nani.

Na kulikuwa na kinu. Sokoni kuna mashine inayosaga sombe, beseni zima la majani ya muhogo likaisha ukiwa bado unachagua vitunguu. Yeye alitaka ya kinu. Mwanzoni alitwanga Jumapili tu, na Jumapili nilimsamehe. Mwaka ule, kuanzia mwezi wa tano, akaanza kutwanga kila siku, saa nne asubuhi, juu kabisa ya bafu langu. Nikaona ananifanyia makusudi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, kunyamazisha watu ndiyo kazi yangu. Nilichukua fagio, nikagonga dari kwa mpini mara tatu. Kinu kikasita, kikaendelea. Kesho yake tena. Siku moja damu ikanichemka, nikapanda ngazi.

"Mama, pardon," nilimwambia mlangoni. "Kelele ya kinu inanisumbua. Niko na mugonjwa."

Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mugonjwa iko nalala saa ile?"

"Hapana. Ni mimi njo nasumbuka."

"Pole, mama," alisema. "Nitatandika kigunia chini ya kinu."

Labda alikitandika. Sikusikia tofauti.

Mgonjwa mwenyewe alinicheka. Mume wangu alikuwa mtoto wa reli. Baba yake alishuka kutoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi kwenye treni, na yeye akakulia Kamalondo, ambako baa na cherehani za mafundi zinagawana ukuta mmoja. Kelele kwake ilikuwa hewa.

"Acha mama ya watu atwange," aliniambia. "Kule yulu kukinyamaza, nitawaza nimesha kufa."

Ini lake lilikuwa limeharibika. Daktari alinieleza mwezi wa tano, tukiwa tumesimama kwenye ujia wa hospitali, watu wakitupita na sufuria zao. Alisema hakuna la kufanya tena isipokuwa kumpunguzia maumivu, nimrudishe nyumbani. Nilimwomba aniandikie jina la dawa vizuri. Nilishukuru. Nikaenda kutafuta teksi.

Katika jengo letu maji yalikuja mara moja kwa siku, saa nne asubuhi, kwa muda wa saa moja hivi. Mimi nilifundisha zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi tulikuwa wawili tu. Nilimwosha kwa maji ya jana, nikamgeuza, nikamnywesha uji kwa kijiko. Maji mapya yakifika niliingia bafuni, nikafunga mlango, nikaweka ndoo, nikafungua bomba mpaka mwisho. Halafu nikalia. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, nikiegemea ukuta, maana bomba lile lilikuwa na kishindo na niliamini linanifunika. Ndoo ikijaa nilikuwa nimemaliza. Nikanawa uso.

Saa sita wifi yangu alifika kutoka Kamalondo kukaa na ndugu yake mchana. Ndiye mkubwa wao, na akisema neno, ukoo mzima unalifuata. Kila siku alinikuta nimeshavaa viatu vya kazi, chaki ndani ya mkoba, macho makavu. Nilimwambia dawa iko wapi na uji uko wapi, nikashuka ngazi. Niliona aibu kulia mbele yake. Niliona pia kwamba nikianza mbele ya mume wangu, ataelewa alichokuwa bado hajaambiwa. Basi nikafuata ratiba ya maji, miezi minne.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja, nilifungua bomba na hakuna kilichonitoka. Nilisimama nikiitazama ndoo ikijaa. Kesho yake vilevile. Sikushtuka. Kusema kweli nilifurahi kidogo, maana nilipata muda wa kufua. Katika siku hizo kinu nacho kikarudi kwenye Jumapili zake, nikajisifu kwamba fagio langu limeshinda.

Mume wangu alifariki Jumanne mchana, mwezi wa kumi, nikiwa darasani. Wifi alinipigia simu, akapiga ukelele, nikaelewa. Nilikuwa katikati ya sentensi ubaoni kuhusu mito inayoingia Lualaba. Niliimaliza, nikaweka nukta, nikafuta vidole.

Kilio kilifanyika kwetu. Viti na kitanda vilitolewa nje, wanawake wakakaa chini juu ya mikeka, wanaume wakakaa uani chini ya turubai. Mimi niliwekwa juu ya godoro, kitambaa kichwani, mgongo ukutani. Kila kundi la wanawake lililoingia liliingia likiomboleza, likaniangukia, na mimi nikawashukuru kwa kuja. Kama mkutano wa wazazi. Nilijiona ninavyofanya na sikuweza kufanya vingine. Nilikuwa ganzi kuanzia utosini mpaka vidoleni. Juu kulikuwa kimya siku zote mbili, na hata hilo nililiona tu, sikulihisi.

Siku ya pili, kesho yake yakiwa mazishi, wifi alisimama mbele yangu.

"Weye, haulie?"

Wanawake wote wakanigeukia.

"Miezi yote ile nilikuwa nakuya hapa," alisema. "Hata siku moya sikuona machozi yako. Unavala viatu, unaenda. Ndugu yangu amekufa, ungali vilevile. Ni muke gani ule?"

Nilifungua mdomo. Hakuningoja.

"Kesho hautapanda mu gari ya sanduku. Utabakia hapa. Hatutamuzika na muke wa macho makavu, watu batuulize amekufa na nini."

Kila aliyekuwa pale alielewa maana ya swali hilo: ni mimi ningeshukiwa kumuua. Na mimi nilielewa kwamba mume wangu angeshushwa ardhini nisiwepo. Nililitaka chozi moja. Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nikafikiria miguu yake ilivyokonda. Nikafikiria mzaha wake kuhusu kule juu. Nikabana macho kama mtoto anayejifanya amelala. Hakuna.

Jirani wa juu alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa ameshuka na sufuria ya sombe ya kuwalisha waombolezaji, nami sikuwa hata nimemwona akiingia. Aliinuka, akasema kwa ile sauti yake ya simu:

"Ba mama, munisamehe. Mi siko wa famille, niko jirani wa yulu. Huyu mama alisha kulia."

"Alilia wapi?" wifi akauliza.

"Mu bafu. Kila asubui, mayi ikikuya. Anafungula bomba nguvu, anawaza hatusikie. Lakini bomba ni ya nyumba yote, ba mama, inapanda mpaka kwangu. Kila kitu nasikia. Alilia mwezi wa tano, akalia wa sita, wa saba, wa munane. Munataka atoe wapi ingine?"

 Akanigeukia mimi, akashusha sauti, na sikujua kama anaweza kuishusha kiasi hicho.

"Njo sababu nilikuwa natwanga, mama. Ili majirani bengine basisikie. Mutu akijifungia alie, hataki asikiwe. Ulipoacha, na mimi nikaacha."

Nilikumbuka fagio. Nilikumbuka nilivyopanda ngazi na alivyonitazama, akachagua kuniambia habari za kigunia. Niliona haya, na haya hiyo ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu mwezi wa tisa.

 Wifi akakusanya kitenge chake, akaketi kwenye godoro upande wangu, bega kwa bega. Kesho yake, gari la jeneza lilipofunguliwa, alinishika mkono akanipandisha mimi kwanza. Nilimzika mume wangu kwa macho makavu, nikiwa nimesimama mahali pangu, na hakuna aliyeuliza kitu.

Watu walirudi makwao. Kitanda kikarudishwa, viti vikarudishwa. Shule ilinipa siku chache za kupumzika, nikazitumia kukaa. Asubuhi moja, haikuwa Jumapili, nilisikia maji yakipanda ukutani. Nikaingia bafuni, nikaweka ndoo mahali pake, nikashika bomba. Uji wa mwisho niliompa alikuwa ameumwaga kwenye shuka, akaniomba msamaha, na mimi nilikuwa nimemwambia asijali, nachelewa kazini. Hilo ndilo lililonijia, nachelewa kazini, na kikanitoka kilio ambacho kwenye godoro nilikuwa nimekitafuta nisikipate. Mkono ulikuwa bado juu ya bomba. Sikulifungua.

Haikupita dakika, kule juu mchi ukaanza, haraka, bila mpangilio, hata majani nadhani hayakuwamo.

Nikachukua fagio, nikagonga dari mara tatu. Kinu kikanyamaza. Nikaendelea kulia.