Somo la Nyongo Kwenye Harusi

Mwalimu wetu mkuu alikuwa mama wa bara, mrefu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Mwanzoni mwa kidato cha nne aliniita ofisini, akanipa alama zangu za mwaka uliopita, akaningoja nizitazame vizuri. Wastani ulikuwa thelathini na nane.

"Unataka chuo ya ualimu na hii?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi siwezi peleka jina yako. Niletee hamsini kwa mtihani ya majaribio, hapo tutaongea. Chini ya hiyo, usinisumbue."

Shuleni kwetu yeye ndiye aliyependekeza majina ya wanaoomba vyuo, na asiyependekezwa hakuwa na pa kushika. Mimi ualimu niliutaka tangu nikiwa mdogo, nilipokuwa nikiwapanga wadogo zangu barazani na kuwachapa kwa ukuti. Baba naye alikuwa ameshasema lake. Nikipata chuo nitakwenda. Nisipopata, kuna watu wameshabisha hodi kuniposea kijana wao na hawezi kuwaweka nje milele. Hakusema kwa ubaya. Hata huyo kijana mwenyewe hakuwa mbaya, ila sikumtaka.

Ningeweza kusema kichwa changu kilikuwa kizito, lakini si kweli. Kilichonimaliza ni harusi. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Ramadhani iliangukia katikati ya mwaka, kwa hiyo kila mwenye binti Malindi alitaka kumwoza kabla ya mwezi kuandama. Na harusi kwetu si jambo la kupeleka zawadi ukarudi nyumbani. Ikitangazwa shughuli, kila nyumba hutoa wanawake wake: wa kumenya vitunguu saumu, wa kukuna nazi, na wasichana wa kuchagua mchele, magunia kwa magunia, chuya na vijiwe vyote vitoke. Mwalimu mkuu hakuyajua hayo. Kwao, nadhani, msichana akisema anasoma huachwa asome.

Nilijaribu kuomba ruhusa kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekaa nasi tangu afiwe na mumewe. Shangazi hakuwahi kukanyaga darasa, lakini harusini ndiye aliyeongoza nyimbo za wanawake. Akishika vugo lake, ile pembe ya nyati inayopigwa kwa kijiti, hata waliokuja wamenuna walisimama. Nilimwambia nina mtihani.

"Na mimi nina harusi," akanijibu. "Usipokwenda kwa watu, siku yako utapika na nani? Na huyo mwalimu wako mkuu?"

Basi nikaenda, uteo wa mchele mapajani na maandishi yangu ya baiolojia chini ya uteo. Nilichagua mchele na kunong'ona: umio, tumbo, ini, nyongo, kongosho. Nilinong'ona kwa Kiingereza, maana ndivyo tulivyofundishwa, na kila nilipofika kwenye kongosho nilisahau nilikotoka.

Shangazi alinisikia. "Unamroga nani weye?"

"Nasoma, shangazi. Ni safari ya chakula mwilini."

"Hebu nambie nami niisikie. Kwa Kiswahili, si kwa lugha ya redio."

Ikabidi nimweleze. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nikielewa kitu. Nilikuwa na majina tu. Shangazi aliuliza nyongo yatoka wapi, yafanya nini, na mbona mtu akila mafuta mengi roho humchafuka. Nikachungulia maandishi, nikarudi na jibu. Wanawake wengine wakasogeza mikeka. Mwishowe shangazi akasema mambo haya ni mengi, hayakai kichwani bila mahadhi, akaanza kugonga ukingo wa sinia.

*Tonge likitafunwa, kooni laporomoka,*
*tumboni lapokewa, tindikali yamwagika,*
*ini laleta nyongo, mafuta yakatakata...*

Nilileta maneno, yeye akayapanga, wenzake wakaitikia. Kufikia alasiri chakula kilikuwa kimeshasafiri njia nzima mpaka mwisho wake, na ubeti wa mwisho ulisema kile kisichotakiwa na mwili chatoka nje, wakauitikia kwa furaha kuliko beti zote. Sijawahi kujifunza kitu upesi namna ile. Nilikwenda nyumbani nikitembea kwa mdundo.

Baada ya hapo nilibeba vitabu kwenye kila shughuli. Jiografia tuliiimba tukikuna nazi, na historia ikapata mahadhi ya polepole kwa sababu ina vifo vingi. Hesabu tu ilitushinda. Shangazi alijaribu mara moja, akasema haina pa kushika, tukamwachia Mungu.

Kisha ikaja harusi ya binamu yangu. Bwana harusi alikuwa mtu wa Mambrui, na wanawake wa kwao wakaja wote, wamejipamba, wakakaa upande mmoja wa ukumbi wakitungoja tuwaonyeshe tunachojua. Shangazi akashika vugo. Sijui alipitiwa vipi. Labda ni ule mchele tuliouchagua asubuhi nzima tukiimba. Alifungua kinywa ili awakaribishe wageni, kikatoka: *Tonge likitafunwa.*

Sisi wa nyuma tukaitikia bila kufikiri. Vugo zikashika kasi. Tonge likaporomoka, tindikali ikamwagika, ini likaleta nyongo yake. Mimi nilikuwa wa kwanza kuzinduka, na nilipozinduka nilikumbuka wimbo ule unaishia wapi. Nilimkonyeza shangazi. Alikuwa amefumba macho.

Alizinduka ubeti mmoja kabla ya mwisho. Nilimwona macho yakimtoka, nikamwona akivuta pumzi, na badala ya kile kisichotakiwa kutoka nje, akaimba kwa sauti ya juu: *Na mgeni atakiwaye, ndani na akaribishwe!* Tukapiga vigelegele kama watu waliookolewa.

Wageni hawakupiga. Sasa, mtu asiye wa kwetu angedhani wamesikia wimbo wa ajabu basi. Lakini pwani hii wimbo wa harusi haupiti bila kutafutwa undani wake. Kina mama wa Mambrui walikuwa wameinamiana, wakinong'ona. Mama wa bwana harusi akainuka, akavuka ukumbi, akasimama mbele ya shangazi.

"Nataka kujua," akasema taratibu. "Hiyo nyongo ni nani? Ni mimi?"

Shangazi, ambaye sijawahi kumwona akimwachia mtu jibu lake, alinigeukia. Akanishika mkono akanisukuma mbele.

"Muulize huyu. Ni wimbo wake. Ni wa shule."

Nilimwamkia shikamoo. Kisha nikaona hakuna njia ila kueleza. Nikaomba sinia la mchele mbichi, nikaketi chini, nikachora kwa kidole ndani ya mchele: hapa koo, hapa tumbo, hapa ini. Nikasema nyongo si mtu. Ni maji ya kijani machungu, na bila hayo mafuta ya pilau hii tunayongoja yangetukaa tumboni. Mama wa bwana harusi alisimama, kisha akachuchumaa. Wenzake wakaja kuchungulia mabegani mwake.

"Kwa hiyo ikiwa nikila maharagwe huumwa hapa," akasema akijishika ubavu, "ni kwa nini?"

Nikamjibu nilichokijua, na nisichokijua nikamwambia akamwone daktari. Akauliza tena. Mwingine akauliza. Pilau ilipoiva waliitwa mara mbili kabla hawajaondoka pale. Nilipoinua kichwa niligundua kwamba nilikuwa nafundisha, na nilifurahi, nilifurahi sana. Nilijua kabisa ninachotaka kufanya maishani, na nikaogopa zaidi kuliko zamani kwamba nitakikosa.

Mtihani wa majaribio tulifanya baada ya Idi. Msimamizi alikuja kwangu nikiandika baiolojia akaniambia ninyamaze, akaja tena kwenye jiografia akaniambia niache kugonga dawati.

Siku ya matokeo mwalimu mkuu alivaa miwani, akasoma, akaivua, akasoma tena bila miwani. "Hamsini na tatu," akasema. "Sasa hii ilitoka wapi?" Nilimwambia nilisoma na shangazi yangu. Akasema nimsalimie huyo mwalimu, kisha akachukua kalamu akaandika jina langu, polepole, kwa mwandiko wake mkubwa.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Mama alilia. Baba alisema "Haya," akajifuta uso kwa kofia yake, na jambo la wale wabisha hodi hatukulisikia tena. Shangazi nilimkuta uani na gunia la mchele wa shughuli nyingine. Hakuinua kichwa.

"Tumepata ngapi?" akaniuliza.

Katika watu wote, yeye peke yake ndiye aliyesema "tumepata".

"Hamsini na tatu, shangazi."

"Na ile hesabu?"

"Kumi na moja."

"Ile hatukuiimba," akasema.

Nilivua viatu, nikakaa mkekani, nikauvuta uteo wangu kama kawaida. Shangazi akauondoa mapajani mwangu akauweka juu ya wake.

"Ondoka," akasema. "Nenda kaandike hayo maombi ya chuo. Mchele wa leo nitauchagua mimi."