Dakika Ishirini za Injini ya Verlin

Hapa Corley, mji wetu mdogo, watu bado wanaizungumzia sauti ya injini ya mume wangu. Wanaizungumzia kanisani na kwenye kahawa ya asubuhi, hata wale ambao siku ile walikuwa kwao wamelala. Mimi nilikuwepo. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye radieta, saa mkononi. Shule niliishia darasa la nane na mwandiko wangu ni wa kuku, lakini nitaandika ilivyokuwa.

Verlin Oakes alifanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha gia boksi, mpaka walipokifunga. Jumamosi na jioni alijenga injini za watu, zile kubwa za zamani za silinda nane, kwenye gereji yetu nyuma ya nyumba. Alijenga arobaini na moja. Najua, maana mimi ndiye niliyepima ringi za pistoni na kumsomea namba. Macho yake ya karibu yalikuwa mabovu tangu ujana. Katika hizo zote hakuna hata moja iliyokuwa yake. Gari lake mwenyewe, Chevelle ya mwaka sabini, ilikaa pembeni bila injini miaka ishirini na sita, imerundikiwa maboksi ya mapambo ya Krismasi.

Halafu mikono ikaanza kumtetemeka. Kwanza kijiko, baadaye spana. Daktari akataja jina la ugonjwa, Verlin akavaa kofia yake akatoka. Tulipofika kwenye gari akaniambia, "Mama, kwenye hii mikono imebaki injini moja. Hii ni yangu. Agosti nakuweka pembeni yangu, tunapita barabara kuu kwenye gwaride la magari, halafu tunanyoosha mpaka ziwani na kurudi."

"Bila kuchemsha?"

"Bila kuchemsha. Na kiyoyozi chako kinapuliza."

Basi majira yale ya baridi tukakaa jikoni na katalogi. Watu wengi huanza kuchagua kabureta, kwa sababu kabureta inaonekana ukifungua boneti. Verlin alikuwa akiwagombeza kwa hilo. Alisema anza na kamshafti, ndiyo inayoamua valvu zifunguke kiasi gani na kwa muda gani. Kamshafti ikishajulikana, hedi, kabureta, difu, vyote vinafuata vyenyewe. Gari letu zito, gia zinajibadilisha zenyewe, petroli ni ya kituo cha kawaida. Tukachagua kamshafti ya wastani, yenye nguvu chini, pale unapoondoka kwenye taa. Nikaandika namba yake kwenye karatasi, nikaibandika kwenye friji.

Jumapili akaja Dorsey, mdogo wake Verlin, kula nyama ya nguruwe. Akaisoma ile karatasi akacheka mpaka mkate ukamtoka mdomoni.

"Kaka, hii nini sasa? Hii si injini, hii cherehani."

"Ni injini ya barabara," Verlin akasema.

"Barabara ya kwenda kanisani! Utapita mbele ya watu inalia nyii-nyii-nyii, watauliza nani kampa bibi gari. Shemeji, hii umechagua wewe, eh?"

"Tumechagua wote," nikamwambia. "Na wewe kula, au uniachie sahani yangu."

Verlin akacheka naye. Nilimwona akicheka, lakini masikio yalikuwa yamegeuka mekundu.

Aprili boksi likaja. Nilipofungua nikasoma namba, haikuwa ile ya kwenye friji. Ilikuwa kamshafti kubwa, ya kwenye mashindano. Alikuwa amepiga simu akabadilisha bila kuniambia.

"Umebadilisha."

"Nimebadilisha."

"Breki zitakuwa ngumu kama jiwe, vakyumu ya kuzisaidia hakuna. Chini haitavuta. Wewe mwenyewe watu wangapi umewafukuza gerejini kwa ujinga huu huu?"

Akashika ukingo wa benchi ili nisione mikono. "Miaka arobaini nimewajengea watu kinachowafaa," akasema. "Sasa nataka ninachokitaka."

Hapo angeweza kusema samahani. Mimi pia ningeweza kumwacha. Sikumwacha. Kuanzia siku ile mpaka Julai nilimsemesha vipimo na chakula, basi. Kazi nilifanya. Pini ndogo ambazo vidole vyake havikuweza kushika nilizishika mimi. Injini ile aliifunga yeye, mimi nikiwa kama koleo yake.

Kwetu injini ikiwashwa mara ya kwanza watu wanakuja, kama ubatizo. Walikuja wanaume kumi na kitu, na viti vyao vya kukunja na donati. Sasa, kamshafti ya namna ile ikiwa mpya ina sharti moja. Ikiwaka tu, iendeshwe kwa mizunguko elfu mbili na zaidi kwa dakika, muda wa dakika ishirini, bila kushuka. Vinundu vyake na tapeti, vile vyuma vinavyosukumwa navyo kufungua valvu, vinazoeana wakati huo, na oili inavifikia pale tu krenki inapoirusha kwa kasi. Ukiiacha iungurume taratibu, vinasagana vikavu. Kila mtu pale alilijua hilo. Kazi yangu ilikuwa kushika saa.

Ikawaka mara moja. Verlin akaipandisha, ikanguruma moja kwa moja, kelele tu, haina utamu wowote; utamu wa kamshafti kubwa husikika injini ikishushwa. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Kaka, ishushe kidogo!" Dorsey akapiga kelele. "Tuisikie inavyoruka!"

"Bado!"

"Sekunde mbili tu! Au ni ile cherehani umetuficha humo?"

Wakacheka wote. Verlin akanitazama. Hakutazama kabureta wala geji ya oili, alinitazama mimi. Nilijua anangoja nini. Ningetikisa kichwa tu, asingeishusha. Nami nikainua kidevu changu nikatazama saa.

Akaishusha.

Kweli iliruka. Ilikwenda kama farasi aliyeshikwa kichwa anayetaka kukimbia, vikombe vikacheza juu ya benchi. Wanaume walirusha kofia. Dorsey alikuwa anacheza kwenye majani kama mlevi. Verlin alicheka, uso wake ulikuwa wa kijana niliyeolewa naye, akaiacha hivyo dakika tano nzima. Alipoipandisha tena, mlio mdogo ulikuwa umeanza upande wa kushoto. Tiki, tiki, tiki. Akaizima.

Asubuhi tukamwaga oili. Ilikuwa inameta kama pambo la mti wa Krismasi. Vinundu viwili vilikuwa vimelika vikawa mviringo, na vumbi la chuma limeingia kila beringi. Ilibidi ifunguliwe yote, ioshwe, ifungwe upya.

"Nitaifungua mimi, kaka," Dorsey akasema. "Wiki mbili tu."

"Ikifungwa na wewe itakuwa yako," Verlin akamjibu. Akaifunika kwa blanketi.

Gwaride la Agosti tulilitazama tukiwa tumekaa kwenye viti pembeni mwa barabara. Dorsey alipita na gari lake akipiga honi. Verlin alimpigia makofi, makofi yasiyo na sauti, maana viganja havikukutana vizuri. Baadaye akaniuliza, "Saa ngapi?" Nikamwambia saa nne na dakika kumi na tatu. Akasema asante.

Aliishi majira mengine mawili ya baridi. Siku ya mazishi yake, Dorsey alinishika bega mlangoni pa kanisa. "Shemeji, ile sauti sitaisahau maisha."

"Ile ilikuwa kamshafti inasagika, Dorsey. Mlikuwa mnashangilia kamshafti ikisagika."

Alilia palepale, mbele ya watu. Nilimwacha alie. Kuhusu saa na kidevu changu sikumwambia.

Verlin alijua. Miaka miwili tulikula meza moja, mwishoni nikimlisha kwa kijiko, na hakuniuliza hata siku moja kwa nini nilinyamaza. Jibu nilikuwa nalo, tangu siku ya lile boksi la Aprili. Nilikaa nikimsubiri aulize.