Mfuko wa Kulalia wa Jitu Fulani

Mfuko wangu wa kulalia niliupata kwenye mitumba, na aliyelala ndani yake kwanza lazima alikuwa jitu. Nikiingia, nafasi iliyobaki ingetosha ng'ombe na ndama wake. Muuzaji alicheka, "Mama, hii ni nyumba!" Nikamwambia anifungie tu.

Nilikuwa nimepata kazi ya kupika kwenye kambi ya wapanda mlima, huko Mlima Elgon. Gari lingenichukua Jumamosi. Kila mtu alitakiwa aje na mfuko wake, wa joto, unaoingia kwenye begi la mgongoni. Wangu haukuwa na joto, maana mwili mmoja utapasha vipi hewa yote ile? Na ukiukunja unakuwa gunia. Ilibidi niupunguze.

Lakini mama, sasa.

Mama aliteleza kwenye matope ya bomba la maji wakati wa kupanda mahindi, akavunjika nyonga. Kule hospitali ya Plateau walimtengeneza vizuri, wakasema mahindi yakitoa maua atakuwa anatembea. Mahindi yakatoa maua, mama bado yuko kitandani. Akienda choo ni mimi nimemshika kiuno, magongo yanagonga ukuta, naye analia, "Woi, mguu, woi!" Nilimwosha, nikampikia, nikamgeuza. Kaka yangu ana jumba Elgon View, mtaa wa matajiri hapa mjini, lakini kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni mwiko, na mwiko huo ulimfaa kaka sana. "Wewe ndiye unamjua," alikuwa akiniambia kwa simu. "Sisi hatumwezi." Mimi niliyerudi nyumbani kutoka kwa ndoa iliyonishinda, bila mtoto, nilipewa kazi hiyo bila kuulizwa. Majirani wote hapa Kapsoya walikuwa wananisifu. Nilizichukia hizo sifa, kwa sababu kila moja ilinifungia mlango zaidi.

Nilimwambia mama wazi: nimepata kazi, na jirani yetu amekubali kuja kukaa naye.

"Nenda tu, mwanangu," alisema, akageukia ukuta. "Mimi nitakufa polepole. Sitasumbua mtu."

Sasa nani anaenda akishaambiwa hivyo? Nilitoka chumbani nimekasirika. Nikakaa kwenye cherehani yake, ile ya kukanyaga aliyotulea nayo, nikaanza. Nilifumua mshono wa ubavuni kwa wembe, nikasukuma pamba ndani nisiikate. Miguuni nikaondoa kipande kizima. Mama alinifundisha tangu utotoni: piga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya kushikilia tu, jaribu nguo, ndipo ushone. Mimi nilishona moja kwa moja, mara mbili, kwa uzi wa nailoni, kwa sababu ya Jumamosi. Ukiukunja sasa ulikuwa mdogo kama mkate wa dukani. Aki nilifurahi!

Alhamisi mchana, maharagwe yakiwa kwenye gesi, nikafunga mlango kwa komeo ili jirani asije akanicheka, nikalala sakafuni sebuleni kujaribu. Nikavuta zipu kutoka ndani hadi kidevuni. Ikauma kitambaa. Nikaivuta chini, wapi! Nilikuwa nimejipima nikiwa nimesimama, na mtu akilala anapanuka. Mikono ilikwama kifuani, viwiko havina pa kwenda. Nilisukuma mshono kwa nguvu zangu zote na ule uzi haukutoa hata sauti.

Halafu nikasikia harufu ya maharagwe yakiungua.

Nilijibiringisha kuelekea jikoni, nikagonga mguu wa meza, nikaishia hapo. Moshi ukaanza kuingia. Nililia kwa hasira, kwa sababu niliona hivi ndivyo nitakavyomaliza maisha, ndani ya hii nyumba, nimejishonea mwenyewe.

"Mama!" Sijui nilimwitia nini, yeye wa kitandani. "Mama, nimekwama! Maharagwe!"

Kitanda kikalia. Halafu nikasikia hatua, tena za mtu mwenye haraka. Mama alinipita kichwani bila magongo, akazima gesi, akatoka jikoni ameshika sufuria kwa leso, mikono yote miwili. Akafungua komeo kwa kiwiko, akaitua nje. Aliporudi ndipo macho yetu yakakutana, na wote wawili tukajua nimeona nini.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mahindi yafike magotini."

"Mama! Nimekubeba choo miezi hii yote!"

"Ulikuwa unanibeba vizuri," alisema. Hakuwa anacheka.

Alichukua wembe kwenye cherehani, akaja akasimama juu yangu.

"Nikikufungua, utaenda?"

Ningeweza kumdanganya. Sikuwa na nguvu hizo.

"Nitaenda, Mama."

Alinitazama sana. Halafu akapiga magoti, bila woi hata moja, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja, polepole, asikwaruze kitambaa. Nilikuwa nasikia pumzi yake.

"Umebana sana," akasema. "Pamba ikibanwa haipashi mtu joto. Huko juu ungeganda."

Nilipotoka aliuchukua mfuko, akaketi kwenye cherehani, akauongezea nafasi ya upana wa vidole vinne. Mguu wa nyonga ile ile ndio uliokanyaga. Nilitaka kumpigia kelele, na nilitaka kumkumbatia, nikaishia kukwangua sufuria.

"Utarudi lini?" akauliza bila kugeuka.

"Sijui."

Mguu ukasimama. Nikangoja. Halafu akaanza tena kukanyaga.