Inchi Moja Katika Kila Futi Mbili

Jumatatu, tarehe mbili Mei. Mvua ya masika imeanza alfajiri, ikaacha saa tatu, ikarudi saa nne na joto lake.

Ndivyo nilivyoandika daftarini siku niliyoanza kazi ya kuchora ramani za majumba, katika ofisi ya serikali kule Kizingo. Nilifika nimelowa. Mchoraji Mkuu, mtu wa bara, mwana kanisa asiyechelewa hata dakika, aliniangalia miguu kabla ya uso. "Kauka kwanza," akasema. "Tone moja la maji hapa ni kazi ya wiki nzima."

Nawaandikia nyinyi mnaoingia kazi hii sasa. Shule yangu ni darasa la nane na mwaka mmoja wa chuo cha ufundi, kwa hivyo nikikosea mtanisamehe. Wapo waliojua zaidi yangu, ila wengi wao hawakuandika.

Tulichora kwa wino. Nyumba haingii karatasini mpaka ipunguzwe, na kipimo cha kuipunguzia ndiyo skeli. Yetu ilikuwa robo inchi kwa futi, yaani kila robo inchi ya karatasi ni futi moja ya nyumba. Katika futi mna robo inchi arubaini na nane, basi nyumba imepunguzwa mara arubaini na nane. Mchoraji Mkuu alitusaili robo, nusu na thumni, ambayo ni nusu ya robo, hata chai ikiwa mdomoni.

"Thumni ya inchi kwa futi?"

"Mara tisini na sita, bwana."

"Nusu?"

"Ishirini na nne."

Aliyekosa aliwachongea wenziwe penseli siku nzima. Mimi nilichonga nyingi.

Baada ya miaka kumi na kitu nilihamia ofisi ndogo nyuma ya Marikiti, chini ya Msanifu Majengo, mwanamke aliyezaliwa papa hapa Mji wa Kale, mpole wa maneno na mkali wa kazi. Kompyuta ilikuwa imeshaingia. Siku ya kwanza aliniambia, "Humu hatupunguzi kitu. Mlango wa futi saba wauchora futi saba."

Nikamtazama. "Utaenea wapi, dada?"

"Humu mna nafasi. Kupunguza ni wakati wa kuchapa."

Sikulala vizuri wiki ile. Kwamba nyuma ya kioo kile mna nyumba nzima, kwa ukubwa wake wa kweli, na mimi naizunguka kwa kidole! Lililonishangaza zaidi ni herufi. Mlango una ukubwa wake, lakini neno "mlango" halina. Ukitaka lisomeke kwa kimo cha thumni ya inchi karatasini, huliandika mara arubaini na nane zaidi, yaani inchi sita. Basi ndani ya nyumba ile herufi zimesimama ukutani kwa kimo cha kiganja.

Ukihamisha kitu kutoka mchoro wa skeli moja hadi mwengine, chukua skeli ya zamani uigawe kwa mpya. Robo kwa nusu ni nusu, kwa hivyo herufi zipunguze nusu. Herufi peke yake. Mlango, nguzo na boriti usiviguse, maana hivyo vina ukubwa vilivyoumbwa nao.

Nilijua haya, na nikakosea.

Bi Mwanaisha, mjane wa Kibokoni, roshani yake ilikuwa yaanguka. Nguzo kumi zilikuwa nzima, lakini boriti ya chini inayozibeba, yenye tundu kwa kila nguzo, moja kila futi mbili, ilikuwa imeliwa na mchwa. Marehemu mumewe alimwachia gogo moja la mtiki chini ya ngazi. La pili halikuwepo, wala mtiki kama ule haupatikani tena. Mchoro wa zamani ulikuwa wa robo inchi. Idara ya vibali ilitaka skeli ya moja kwa hamsini. Herufi za inchi sita zilipaswa kuwa sita na robo. Hesabu niliifanya sawa. Lakini nilipozingira herufi ili nizikuze nilizingira na boriti pamoja na matundu yake, na kompyuta haikuniuliza. Kila futi mbili ikazaa inchi moja.

Msanifu alitia saini. Simlaumu. Futi mbili na inchi moja haimshitui mtu, kwa maana vipimo vya nyumba za Mji wa Kale ni nadra kuwa namba kamili.

Siku ya tatu ya kazi Fundi Athmani, seremala, akanipigia simu. "Ndoo hapa Kibokoni uone. Nguzo zako zatembea."

Nilimkuta barazani, gogo limelazwa, patasi mkononi. Kabla ya kuamini ramani yoyote, yeye huchukua ubao mwembamba akatia alama kwenye nguzo zenyewe zilizosimama. Ubao ulisema futi mbili. Ramani ilisema zaidi.

"Nyumba hii naijua tangu utoto, haijapata kunenepa," akasema. "Wewe umeilisha nini?"

"Umeshakata?"

"Tundu moja."

Tukapima. Lilikuwa sawasawa, hata unywele haupiti.

Nikaketi chini nikafikiri, ndipo nikaona. Ukikuza kitu, kompyuta inakutaka uchague nukta moja isiyosogea, na mimi nilikuwa nimebonyeza tundu la kwanza. La pili limekimbia inchi moja, la tatu mbili, la kumi inchi tisa. Lile moja tu ndilo lililobaki mahali pake.

"Kwa nini ulianzia upande huu?" nikamuuliza fundi.

"Ule mwengine una jua."

Nikasema Subhanallah.

Bi Mwanaisha alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Kosa la nani?"

Fundi aliinamia patasi yake, akanipa nafasi. Siku zile ukisema kompyuta imeharibu, kila mtu alikuamini.

"Langu, bibi."

Akanionyesha baraza kwa kidole. "Basi kaa hapo mpaka tundu la mwisho likatwe."

Nikakaa siku mbili, nikishika ncha ya utepe wa kupimia. Msanifu alikuja akataka kubeba nusu ya lawama, kwa kuwa saini ni yake. Bi Mwanaisha akamwambia, "Huyu atosha." Nguzo zote kumi ziliingia kwa kugongwa na kiganja.

Nimestaafu sasa, na sijui kama nilikuwa mchoraji mzuri. Najua nilishika kitu kikubwa kuliko mimi. Inchi ishirini na tano mahali pa ishirini na nne ni tofauti ndogo, macho hayaioni, na inaweza kumpokonya mjane mti wake. Kila nilipobonyeza baada ya siku ile, moyo ulitangulia kidole. Leo adhuhuri nilipita Kibokoni. Wajukuu wa Bi Mwanaisha walikuwa wameegemea roshani, wanabishana.

Jioni tumekula mbaazi za nazi na chapati, na papa mkavu kidogo aliyebaki jana.