Plagi Nne za Pikapu ya Mume Wangu

Mume wangu alipokwenda Uarabuni kufanya kazi ya gereji, aliniachia pikapu uani kwetu Tangini. Ile injini ya petroli alikuwa ameifungia tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, kubwa kuliko ya kiwandani, kisha fundi mmoja akairekebisha kwa kompyuta mpaka ikawa inapandisha mihogo kwenye njia mbovu za Maneromango bila kuhema. Majirani walimcheka. Mimi sikumcheka. Jumapili zake zote zilikwisha chini ya boneti ile, nami nikimpa spana moja baada ya nyingine, na ndizo saa tulizozungumza zaidi katika ndoa yetu.

Alisema angekaa miaka miwili. Ilipotimia, akaongeza mkataba bila kuniuliza. Tuligombana kwenye simu, na baada ya hapo nikawa simpigii.

Mama yake alikuwa na mihogo iliyokomaa kule Vihingo, hana wa kuitoa shambani. Pikapu ilikuwa imeanza kumisi, moto wake ukikatakata, basi nikaenda dukani Kibaha kununua plagi mpya. Muuzaji aliangalia kadi ya gari, akanipa zilizoandikwa kitabuni. Fundi wa jirani akazifunga, gari likanguruma vizuri, nikaondoka.

Njia tambarare haikunisumbua. Lakini tulipotoka shamba na mzigo, mama mkwe akiwa pembeni yangu, kwenye mlima wa kwanza injini ikaanza kugonga kama kokoto kwenye kopo. Halafu ikakata nguvu. Nikasimamisha.

"Mpigie mwenye gari lake," mama mkwe akasema.

"Mama, hatuzungumzi."

"Basi mzungumze gari."

Nikapiga. Alipokea haraka mno.

"Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima, niko naye. Gari lako linagonga mlimani."

Aliniuliza nimefunga plagi gani, akaniambia nisubiri injini ipoe, nifungue moja nimtumie picha. Spana ya plagi ilikuwa chini ya kiti, palepale alipoiweka mwenyewe. Niliona aibu jinsi mkono wangu ulivyoishika kwa muda mrefu kabla sijaanza kazi. Plagi ilitoka na kauri ya nchani nyeupe, imefanya vipele.

"Umeona weupe huo?" alisema. "Ikiwa salama inakuwa na rangi kama chai ya maziwa. Hizo ni za injini ya kiwandani, zinabaki na joto. Tabo ikisukuma hewa nyingi, ndani kunawaka zaidi, plagi inaungua. Tafuta iliyo baridi kwa hatua moja, inayotoa joto haraka. Kwa kampuni hiyo namba ikipanda ndiyo baridi. Angalia sana, kampuni nyingine ni kinyume."

"Na kumisi?"

"Mwanya wa kwenye ncha ni mpana. Msukumo wa tabo unaizima cheche. Ubane kidogo, lakini usiguse kauri."

Tukarudi polepole, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu.

Kesho yake nikarudi dukani, muuzaji akabisha. "Dada, hizi si za gari lako."

"Za kadi si za gari langu. Nipe hizo."

Nilipima mwanya mwenyewe, plagi zote nne, nikazifunga kwa vidole mpaka zikakaa, kisha nusu mzunguko kwa spana. Nikafuata mihogo iliyobaki. Mlima uleule pikapu iliupanda na mzigo wake, bila kugonga hata mara moja. Juu nikasimama, nikampigia.

"Sikiliza," nikasema, nikaiweka simu dirishani na kukanyaga mafuta kidogo.

Nikairudisha sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Nimechoka huku, mke wangu. Kila siku nafungua magari ya watu."

Miaka hiyo yote nilikuwa nangoja aseme hivyo. Nilitaka tu awe pale, mikono yake ina grisi, ananiomba spana namba kumi na nne.

"Basi rudi," nikamwambia.

Bado hajarudi. Mkataba unaisha baada ya mfungo, na safari hii amesema hauongezi. Siku hizi tunapigiana kila jioni, na akishamuulizia mama yake, ananiuliza mimi nimeshindaje.