Sweta la Shule Lililompeleka Mjukuu Wangu Mahakama ya Watu Wazima

Mimi ni mwanamume mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ninaishi Lizaboni, hapa Songea, pamoja na mke wangu. Mwenye ukurasa huu ameahidi kulificha jina langu, nami nimemwamini. Sina desturi ya kuyaanika mambo ya nyumbani kwangu. Nimefika hapa kwa sababu padre amenisikiliza, ndugu wamenisikiliza, na wote wameuacha mzigo wangu pale pale nilipoutua.

Tulikuwa tukiishi na kitindamimba wetu wa kiume, mwenye miaka ishirini na saba, na mjukuu wa miaka kumi na mitano, mtoto wa binti yetu aliyefariki. Mjukuu huyo nimemlea tangu hajaota meno.

Nyumbani kwangu sare ya shule huvuliwa mara tu mtoto anapoingia ndani. Siku moja ya mwezi wa sita, alasiri, mjukuu wangu alikwisha kuivua na kuikunja. Nikamsikia mjomba wake akimwambia, "Vaa sweta la shule, twende shamba."

Nikauliza, "Sare inakwenda shamba tangu lini?"

Mwanangu akacheka. "Mzee, kwa baridi hii unamtoa mtoto na kifulana? Akipata kichomi utasema mjomba hakumtunza."

Niliona amesema neno la maana. Hata nilifurahi, kwa kuwa ilikuwa nadra kumwona akimjali yule mtoto.

Jua lilipokuwa likishuka, mjukuu wangu alisimama peke yake kando ya barabara ya Peramiho na kusimamisha bodaboda. Dereva hakuwa na wasiwasi. Nani anamwogopa mwanafunzi? Mtoto akaomba apelekwe mashambani, alikoambiwa kwamba mjomba anasubiri na magunia ya mahindi. Mjomba alikuwa akisubiri na panga, uso ameufunika kwa kitambaa. Kijana yule wa watu alipona, lakini vidole viwili vya mkono wake havikunjiki tena. Pikipiki haijaonekana mpaka leo. Alichoweza kuwaeleza polisi ni sweta: rangi yake na nembo ya shule.

Polisi walimchukua mtoto darasani. Alipelekwa kwanza mahakama ya watoto. Kesi ilisikilizwa faraghani, na afisa wa ustawi wa jamii aliketi kando yake. Huko nilipata matumaini. Kisha mtoto akaeleza yote na kumtaja mjomba wake. Mwanangu akakamatwa, wakaunganishwa katika shtaka moja la unyang'anyi wa kutumia silaha.

Afisa yule, mama mmoja mpole, aliniita pembeni. "Mwalimu, mtoto akishtakiwa pamoja na mtu mzima, kesi haibaki kwetu. Inahamia mahakama ya kawaida."

"Kwa hiyo angenyamaza, angebaki hapa?"

"Angebaki, Mwalimu."

Tangu utoto wake nimemfundisha kusema kweli. Aliisema, ndipo akahamishwa.

Afisa alinieleza kwamba hata huko sheria itamtambua kuwa ni mtoto. Lakini kosa hilo halina dhamana, na kesi zina foleni ndefu. Sasa anasimama kizimbani mbele ya watu wote, bega kwa bega na mjomba aliyemtuma, na shuleni wenzake wanaelekea kwenye mitihani.

Nilipokwenda kumwona mwanangu mahabusu, hakuomba radhi. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, wewe si ulikuwa mwalimu wa hesabu? Piga hii. Wakili atakuita uwe shahidi wangu. Useme siku ile sikutoka nyumbani. Mimi nikiachiwa, dogo anarudi mahakama ya watoto, wanamkabidhi kwako. Mmoja akitoka, wote wametoka."

"Na panga nani atakuwa amelishika?"

Akatazama ukuta. "Yule ni mtoto. Hawamfungi."

Mke wangu amekubaliana naye. Jana, akichambua maharage, alisema bila kuinua macho, "Binti nimekwisha kumzika. Huyu akienda miaka thelathini, hatanizika mimi. Neno moja tu, Mwalimu. Maisha yako yote umewasahihisha watu. Hili liache na kosa lake." Tumeishi pamoja miaka mingi na sijawahi kumwona akiomba kitu kwa namna ile.

Nikisema uongo, mjukuu wangu huenda akarudi kwenye mahakama inayomfaa, lakini atarudi akiwa mwizi mwenye panga, na vidole vya yule kijana vitakuwa juu yake maisha yake yote. Nikisema kweli, ninamfunga mwanangu kwa kinywa changu, na mtoto anabaki kule kule kwa wakubwa mpaka kesi iishe.

Wiki hii nilikwenda mahabusu kumwona mjukuu wangu. Amekonda. Akaniamkia, "Shikamoo, Babu," akajaribu kutabasamu. "Humu wananiita Sweta. Wananiuliza kama kesho nina zamu ya kupiga kengele."

Nikamwambia avumilie. Akasogea karibu, akasema, "Babu, siku ile ulisikia Mjomba aliponiambia nivae sweta. Mimi sijamwambia mtu kwamba ulikuwepo. Nilijua watakuita, na yule ni mwanao."

Nikamwachia sabuni niliyomletea, nikatoka.

Wiki ijayo nitaitwa. Nitaapa nikiwa na Biblia mkononi, mwanangu na mjukuu wangu wakinitazama kutoka kizimba kimoja. Ninyi mnaosoma hapa, wengi wenu mna watoto, na wengine mmelelewa na babu zenu. Msinitukane, kwa maana sina nguvu ya kujibu. Nielezeni tu: nikiulizwa siku ile nilisikia nini, niseme nini?